Chokaa Moja, Majibu Manne: Nafasi ya Kiswahili katika Maswali ya Kuchagua ya Kemia

Imezoeleka miongoni mwa wasomi wetu kuudharau mtihani wa kuchagua jibu. Husemwa kwamba ni mtihani wa wenye bahati: majibu manne yamekwisha kuandikwa, na kazi ya mwanafunzi ni kutia alama kwenye herufi moja. Aliyefaulu huambiwa amebahatisha, na aliyeanguka huambiwa hakusoma. Makala haya yanapinga kauli zote mbili. Rai yangu ni kwamba swali la kuchagua la kemia ni zoezi la kusoma maneno kabla ya kuwa zoezi la sayansi, na kwamba mtoto wa visiwa vya Lamu anayeanguka katika swali hilo mara nyingi huangushwa na neno. Ikiwa ndivyo, basi sisi tunaojiita wanafunzi wa Kiswahili tuna deni katika jambo ambalo tumewaachia walimu wa sayansi peke yao.

Asili ya swali la kuchagua

Mtu anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa swali la aina hii ni Frederick J. Kelly wa Kansas, Marekani, aliyetunga mtihani wake katika miaka ya 1914 na 1915. Alikuwa akitafuta njia ya kusahihisha kwa haraka na bila upendeleo wa msahihishaji. Linalostahili kukumbukwa na watu wa lugha ni kwamba mtihani huo wa mwanzo haukuwa wa hesabu wala wa sayansi. Ulipima uwezo wa mtoto wa kusoma kimya na kuelewa alichosoma. Swali la kuchagua lilizaliwa katika nyumba ya lugha, likaazimwa na masomo mengine baadaye, na hadi leo halijaiacha tabia ya kwao.

Nchini Kenya vizazi kadhaa vimelelewa na maswali haya. Mtihani wa KCPE ulifanywa tangu mwaka 1985 hadi 2023, na karatasi yake ya sayansi ilikuwa na maswali 50, kila swali na majibu manne. Humo ndimo mlimokuwa na mlango wa kwanza wa kemia: kutenganisha michanganyiko, kutambua vitu vinavyochanganyika kabisa na maji na visivyochanganyika, kujua kwa nini maji ya mahali fulani hayatoi povu la sabuni. Mtaala mpya ulipoingia, tathmini ya KPSEA ya gredi ya sita, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, iliendelea na muundo huo wa kuchagua. Kwa jirani zetu wa Tanzania, Bara na Visiwani, karatasi ya kemia ya Kidato cha Nne ina sehemu ya maswali ya kuchagua. Ni kweli kwamba karatasi za kemia za KCSE humtaka mtahiniwa aandike majibu yake mwenyewe. Hata hivyo, hakuna anayefika huko ila amepitia miaka mingi ya A, B, C na D, na wengi hukata shauri juu ya uwezo wao wa sayansi kwa kutazama alama za karatasi hizo.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili kwa watu wa Lamu. Gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa mwezi wa Mei 2021, na tangu hapo mazungumzo ya barazani yamekuwa juu ya kazi na nani atakayezipata. Uhandisi, famasia, uuguzi na upimaji wa maabara ni kazi ambazo mlango wake ni sayansi. Kijana wa Amu, Siyu, Faza au Kizingitini aliyejiaminisha akiwa na miaka 12 kwamba kemia haikuumbiwa yeye, hujiondoa katika safu kabla safu haijapangwa. Bandari itapata wafanyakazi, kwani hakuna bandari iliyowahi kukosa watu. Swali ni kama watakuwa wenyeji.

Neno moja, maada tatu

Natumia mfano ambao kila mtu wa visiwani anaujua. Nyumba za mji mkongwe wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, boriti za mikoko na chokaa. Mawe yamekuwa yakikatwa Maweni, katika kisiwa cha Manda. Vipande vya matumbawe vikipangwa juu ya kuni na kuchomwa, hupatikana kitu cheupe tunachokiita chokaa. Kikimwagiwa maji hufoka na kutoa joto, na kinachobaki huitwa chokaa vilevile. Kikipakwa ukutani na kugumu baada ya siku nyingi, bado ni chokaa. Hata kile kinachotiwa katika tambuu hakina jina jingine.

Mwanakemia haoni kitu kimoja hapo. Jiwe la matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Likichomwa kwa joto la takriban nyuzi 900 za Selsiasi hutoa gesi ya kaboni dioksaidi, likabaki kalsiamu oksaidi. Oksaidi hiyo ikipata maji huwa kalsiamu haidroksaidi. Nayo haidroksaidi, ikikaa ukutani, huifyonza kaboni dioksaidi kutoka hewani na kurudi kuwa kalsiamu kaboneti, yaani jiwe lile lile la mwanzo. Mwashi wa Lamu amekuwa akiuzungusha mzunguko huu kwa mikono yake kwa karne nyingi.

Sasa mpe mtoto wa mwashi huyo swali hili: ni kipi kati ya hivi hutoa joto jingi kinapotiwa maji? A, kalsiamu kaboneti. B, kalsiamu oksaidi. C, kalsiamu haidroksaidi. D, sodiamu kloridi. Mtoto huyu ameyaona maji yakifoka juu ya chokaa. Pengine amekatazwa na babake asisogee karibu, asije akaungua macho. Jibu lake ni B, naye analijua kwa macho yake mwenyewe. Lakini A, B na C kwake ni chokaa, chokaa na chokaa. Hakuna aliyempa majina matatu ya mambo matatu aliyoyaona. Atatia alama popote, na matokeo yatasema kwamba hajui sifa za kampaundi za kalsiamu. Hukumu hiyo si ya haki.

Kuyeyuka, ukali na mitego mingine

Chokaa si neno la pekee lenye tabia hiyo. Tazama kitenzi kuyeyuka. Barafu huyeyuka juani, na sukari, tunasema, huyeyuka katika chai. Katika kemia matendo haya ni mawili. La kwanza ni kitu kigumu kugeuka kiowevu kwa sababu ya joto. La pili ni chembe za kitu kimoja kusambaa ndani ya kitu kingine. Sukari huhitaji joto la kiasi cha nyuzi 186 ili iyeyuke yenyewe, na chai ya birikani haifiki huko, kwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo jibu lisemalo kwamba sukari imegeuka kiowevu kwa joto la chai ni kosa, ingawa sentensi yetu ya kila siku inaliunga mkono. Tanbihi ni kwamba Kiswahili hakikukosa neno la pili. Tunalo kumumunyika, linalotokana na kile kinachotendeka peremende ikiwa mdomoni. Neno lipo na limetumiwa na wanaistilahi. Halijafika tu katika kichwa cha mtoto pale anapolihitaji.

Tazama pia kivumishi kali. Siki ni kali, ndimu ni kali, na asidi ya maabara ni kali. Mwanakemia hutenganisha asidi yenye nguvu, ambayo molekuli zake hugawanyika takriban zote zikiwa ndani ya maji, na asidi iliyokolea, ambayo ni nyingi katika maji machache. Siki hata ikolee namna gani asidi yake hubaki dhaifu, na asidi ya haidrokloriki hata izimuliwe kwa maji mengi hubaki yenye nguvu. Mpishi wa pwani anaposema chumvi imekolea, au anapozimua mchuzi kwa maji, anatumia msamiati ule ule ambao mwalimu wa kemia anauhitaji. Tofauti anayoitafuta mwalimu imo jikoni. Kinachokosekana ni mtu wa kuionyesha kwa kidole.

Mwenye kusoma haya asidhani kwamba ninakilaumu Kiswahili. Watoto wa Kiingereza nao huchanganya kuyeyuka na kumumunyika, na wao pia hudhani asidi yenye nguvu na asidi iliyokolea ni kitu kimoja. Kila lugha ya nyumbani hukata ulimwengu kwa kisu chake, na sayansi hukata kwa kisu kingine. Mtunzi wa swali la kuchagua anajua jambo hili. Jibu sahihi ni moja, na yale mengine matatu, ambayo huitwa vipotoshi, hayatungwi ovyo. Kipotoshi kizuri ni kile kinachofanana na usemi wa kila siku au kilichobeba nusu ya ukweli. Kwa maneno mengine, mtego hutegwa pale ambapo neno la nyumbani na neno la maabara yanaachana. Mtoto asiyeonyeshwa njia panda hiyo atanaswa hata akiwa amekariri kitabu kizima.

Somo kutoka katika vitendawili

Sisi watu wa fasihi tunayo sanaa ya kale inayofanana na swali la kuchagua, nayo ni kitendawili. Mtegaji hutega, na wasikilizaji hujaribu. Mmoja husema hili, mwingine lile, na kila jibu lisilofaa hukataliwa kwa sauti mbele ya wote. Wakishindwa hutoa mji, mtegaji akajisifu huko alikopelekwa, kisha akafumbua. Faida ya mchezo huo haiko katika jibu peke yake. Iko pia katika yale majibu yaliyokataliwa, maana kila moja humfunza msikilizaji sifa mojawapo ya kitu kilichofichwa.

Namna tunavyosahihisha karatasi za kuchagua madarasani imeitupa hekima hiyo. Mwalimu husoma orodha: la kwanza B, la pili D, la tatu A. Mwanafunzi hutia tiki au mkasi, akahesabu alama, na karatasi ikafungwa. Majibu matatu ya upotofu katika kila swali huzikwa bila kusemewa neno. Katika karatasi ya maswali 50 hayo ni majibu 150 ambayo yangeweza kufundisha jambo.

Tuchukue swali jingine la chokaa tuone kinachopotea. Chokaa iliyotiwa maji na kupakwa ukutani hugumu kama jiwe baada ya muda kwa sababu gani hasa? A, maji yake hukauka. B, hufyonza kaboni dioksaidi ya hewani. C, hufyonza oksijeni ya hewani. D, joto la jua huichoma tena. Jibu ni B. Aliyechagua A ana nusu ya ukweli: maji hukauka kweli, lakini kitu kilichokauka tu kingelainika tena mvua ikinyesha. Aliyechagua C amekumbuka kutu ya msumari, akailetea chokaa sheria ya chuma. Aliyechagua D amechanganya jua la Shela na tanuu la chokaa, na tofauti yake ni mamia ya nyuzi. Dakika tatu za mazungumzo juu ya majibu haya hufundisha kukauka, kutu, joto na kaboni dioksaidi kwa pamoja. Na mazungumzo hayo yakifanywa kwa Kiswahili, hakuna mtoto wa visiwani atakayekaa kimya kwa kuogopa kukosea sarufi ya Kiingereza.

Mambo ya kumfunza mtahiniwa

Kutokana na hayo, napendekeza mambo manne ambayo mwanafunzi anaweza kuyazoea bila gharama yoyote.

Kwanza, asome shina la swali huku ameyafunika majibu kwa mkono, kisha ajijibu moyoni kwa Kiswahili. Akiyafunua majibu atakuwa anatafuta lile analolijua, na vipotoshi havitapata nafasi ya kumwambia afikiri nini.

Pili, apige mstari chini ya neno la kukanusha au la kutenga. Swali linalouliza ni kipi kisichokuwa asidi, au lenye neno isipokuwa, limewaangusha watu waliokuwa wakijua vyote vinne, kwa sababu walitia alama kwenye jibu la kwanza lililo kweli.

Tatu, ayaondoe majibu mabaya kwa sababu, si kwa hisia. Hesabu yake ni nyepesi. Mwenye kubahatisha kati ya majibu manne katika maswali 40 hutarajia kupata 10. Akiweza kuondoa jibu moja kwa uhakika katika kila swali hutarajia 13 hivi, na akiondoa mawili hutarajia 20. Elimu ndogo yenye hakika, kama vile kujua kwamba chai haiwezi kuyeyusha sukari, ina thamani hata pale ambapo jibu lenyewe halijulikani. Na mahali ambapo jibu baya halikatwi alama, hapana sababu ya kuacha swali wazi.

Nne, arudi nyuma. Wanafunzi wengi wameaswa wasibadilishe jibu la kwanza. Uchunguzi haukubaliani na wasia huo. Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake walichapisha matokeo ya kuchunguza karatasi za wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, wakaona kwamba waliobadilisha kutoka jibu baya kwenda zuri walikuwa takriban mara mbili ya waliobadilisha kutoka zuri kwenda baya. Mwenye kupata sababu ya kubadilisha na abadilishe.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba mtihani ni wa Kiingereza, na kumfafanulia mtoto kwa Kiswahili ni kumdhulumu. Hoja hii ingekuwa na nguvu zaidi kama mtoto angetakiwa kuandika insha. Katika swali la kuchagua hatakiwi kuandika hata sentensi moja ya Kiingereza. Anatakiwa kuelewa, kisha atie alama kwenye herufi, na herufi haina lugha. Hakuna atakayemnyima istilahi za Kiingereza. Ninachotetea ni kwamba kila istilahi ikabidhiwe kwake pamoja na kitu anachokijua: oksaidi na chokaa ya tanuuni isiyoonja maji, haidroksaidi na chokaa iliyokwisha kufoka, kaboneti na ukuta wenyewe.

Wengine watasema kwamba kemia si kazi ya wanafunzi wa fasihi. Nao wana haki kwa kiasi fulani, maana hatuwezi kufundisha tusichokijua. Lakini kujua kwamba neno moja limebeba maana tatu, na kwamba maana hizo zinahitaji majina tofauti, ni kazi tunayoisomea shahada. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Istilahi nyingi zimo humo, zimelala. Na pale ambapo wataalamu walitafsiri neno kwa neno, tuna wajibu wa kusema wazi. Maji magumu, kwa mfano, humfanya mtoto afikirie barafu, hali yanayosemwa ni maji yenye madini yanayozuia povu la sabuni. Mtu wa Lamu angefafanuliwa kwa deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaopakwa chini ya vyombo. Chokaa na shahamu hutoa aina ya sabuni ya kalsiamu isiyomumunyika majini, na utando mweupe unaobaki katika beseni la kufulia ni wa jamii hiyo hiyo. Kitu kinachoikinga jahazi na kinachoharibu povu kina asili moja. Mtoto aliyeelezwa hivyo hatalisahau swali la maji magumu.

Hitimisho

Natoa pendekezo moja kwa chama chetu. Tuandae kijitabu kidogo cha maneno yasiyozidi 100, kila neno likiwa la nyumbani na la maabara kwa pamoja: chokaa, chumvi, magadi, kuyeyuka, kukolea, kali, moshi na mvuke. Chini ya kila neno liwepo swali moja la kuchagua, na chini ya kila jibu, yale matatu mabaya na lile moja zuri, iwepo sentensi mbili za Kiswahili zinazoeleza kwa nini mtu angelichagua na kwa nini ni zuri au baya. Walimu wa kemia wakague sayansi yake, nasi tukague lugha. Kazi hiyo haihitaji ufadhili mkubwa. Yahitaji likizo moja na watu kumi wenye nia. Tuanzie Lamu, ambako chokaa bado inaitwa kwa jina moja, na ambako mtoto aliyeyaona maji yakifoka juu yake anastahili kupata alama ya kile alichokiona.